Aliyeondoka na Waliobaki

Muziki nilioujua maisha yangu yote ni wa kwaya, wa ngoma na wa dansi. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiwekea nyimbo za kundi liitwalo Cabaret Voltaire, nilidhani redio imeharibika. "Vumilia kidogo, Babu," akasema. Nilivumilia, na habari za kundi hilo zikanigusa mahali ambapo sikutarajia.

Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1973 huko Sheffield, mji wa viwanda vya chuma nchini Uingereza. Walikuwa vijana watatu: Richard H. Kirk, Stephen Mallinder na Chris Watson. Jina walilitoa katika klabu ya wasanii iliyofunguliwa Zurich, Uswisi, mwaka 1916. Walirekodi sauti za kila namna kwenye kanda, wakazikata kanda hizo na kuziunga upya, kisha wakachanganya na gitaa, klarineti na mitambo ya umeme. Onyesho lao la kwanza, mwaka 1975, liliishia katika ngumi, na Mallinder akapelekwa hospitali.

Baadaye watu walianza kuwaelewa. Wimbo wa Nag Nag Nag ulitoka mwaka 1979, na santuri ya Red Mecca mwaka 1981. Mwaka huohuo Watson akawaacha, akaenda kurekodi sauti katika kituo cha televisheni. Wawili waliobaki waligeukia midundo ya kuchezeka. Mwaka 1990 walitoa santuri waliyoitengeneza pamoja na Marshall Jefferson wa Chicago. Kisha Mallinder naye akahamia Australia. Miaka mingi baadaye Kirk alilifufua jina lile peke yake, akakataa kurudia nyimbo za zamani, akatoa santuri mpya mwaka 2020. Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 65.

Hapo nikajikumbuka. Sisi nasi tulikuwa watatu katika chuo cha ualimu, na tuliapizana kushika chaki hadi kustaafu. Katikati ya miaka ya themanini, mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, mmoja wetu aliacha kazi, akanunua mtumbwi na nyavu. Mimi, mwalimu mkuu, nilimwita msaliti mbele ya walimu wote. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Hata alipofiwa na mkewe sikwenda msibani.

Nilimwuliza mjukuu wangu, "Na yule aliyeondoka, aliishia wapi?" Akaniwekea sauti nyingine. Watson, ambaye alipokuwa mtoto alipewa mashine ya kurekodi na wazazi wake akaitumia kuwanasa ndege bustanini, amekuwa mrekodi mashuhuri wa sauti za maumbile. Mwaka 1996 alitoa santuri yenye sauti za Mto Mara, alfajiri na usiku. Mwaka 2003 alitoa nyingine, ambamo saa 14 za Masai Mara zimebanwa katika dakika 18.

Mto Mara! Mto unaotoka Kenya, ukapita Serengeti, ukamwaga maji yake Ziwa Victoria, kwetu. Nilifumba macho nikausikia usiku wa utotoni mwangu, umenaswa na mtu niliyekwisha kumhukumu moyoni kwamba aliwatupa wenzake. Kumbe kazi yake ilikuwa ileile: kusikiliza, kukata na kuunga. Alikuwa amebadili mahali pa kuifanyia tu.

Nikakumbuka jambo nililoambiwa zamani nikalicheka: kwamba mwenzangu yule aliwafundisha wavuvi wake kusoma mizani na kuandika hesabu, jioni, chini ya mwembe, ili wasipunjwe na wanunuzi. Nilijua habari hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Sikutaka kuiita ualimu.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda kwake. Nilimkuta barazani akishona wavu, macho yake yamefifia. Alinitambua kwa sauti.

"Umechelewa, Mwalimu," akasema.

Nikamjibu, "Nimechelewa, Mwalimu. Nisamehe."

Hakusema kitu. Aliweka wavu chini, akachukua fimbo yake, akanitangulia polepole kwenda nyuma ya nyumba, lilipo kaburi la mkewe.