Asilimia 15 ya Kukopa

Idadi ile niliipata mezani. Naisema mapema kwa sababu kila ninapotaka kuisimulia huanza kuipamba, na ikishapambwa haifanani tena na kosa. Nilikuwa nyumbani kwangu Mabela, Oman, kompyuta mbele yangu, fomu ya mfadhili imefika kwenye kisanduku kinachouliza ukubwa wa tatizo: watu wenye ulemavu ni wangapi katika shehia mnazotaka kuzihudumia? Nikachukua idadi ya wakaazi wa shehia mbili za Wilaya ya Micheweni, Pemba, nikaizidisha kwa 15, nikaigawa kwa 100. Jibu nililiandika kama lilivyotoka, pamoja na tarakimu zake za mwisho, maana idadi isiyoishia kwa sifuri huonekana imehesabiwa.

Hatia yangu iko kwenye hizo tarakimu za mwisho. Nimekula mshahara wa uhasibu maisha yangu yote ya kazi. Mtu mwingine angeweza kusema hakujua tofauti ya makadirio na hesabu. Mimi naijua, na ningemrudishia kijana yeyote wa ofisini daftari lenye mchezo kama ule.

Hiyo 15 yenyewe haikuwa uzushi. Imo katika Ripoti ya Dunia kuhusu Ulemavu, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia mwaka 2011: watu zaidi ya bilioni moja, kiasi cha asilimia 15 ya walimwengu. Mwaka 2022 Shirika likapandisha makadirio hadi bilioni 1.3, yaani asilimia 16. Lakini ripoti ileile, ukiisoma badala ya kuidonoa, inasema wenye shida kubwa za kimaisha ni kati ya asilimia 2 na 4. Kwenye 15 umo pia uzee wa nchi tajiri: magoti yaliyochoka, masikio mazito, macho yasiyoona tundu la sindano. Mimi niliuchukua uzee wa Ulaya nikaupeleka Micheweni, ambako nusu ya watu unaokutana nao njiani wanakwenda au wanatoka skuli.

Na hesabu za nyumbani zilikuwepo. Utafiti wa ulemavu uliofanywa Tanzania mwaka 2008 ulipata asilimia 7.8 ya watu wa miaka 7 na zaidi. Kenya, kwa sensa ya 2019, ilipata asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi. Watu hawawi wazima kwa kuvuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya. Tofauti kubwa inatokana na unavyouliza na unapokata mstari. Siku hizi nchi nyingi hutumia maswali sita ya Kundi la Washington: je, unapata shida kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, kuwasiliana na wenzako? Majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Kenya iliwahesabu waliojibu mawili ya mwisho. Ukiwajumuisha na wa "shida kidogo" unapata nchi nyingine kabisa. Ninachokipenda katika maswali hayo ni kwamba neno ulemavu halimo. Ukibisha hodi Pemba ukauliza "humu ndani mna mlemavu?" utaambiwa hamna, na mtoto yuko chumba cha uani. Ukiuliza kama kuna anayepata shida kusikia, mama mwenyewe atakuita uingie.

Haya yote niliyajua baadaye? Hapana. Mengi niliyajua usiku uleule. Ila fomu ilikuwa inafungwa.

Nieleze tulivyofika kwenye fomu. Mabela tuko wengi wenye asili ya Unguja na Pemba, familia zilizorudi Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita watu wake waliotawanyika, zikapata viwanja na kujenga huku wakati kungali na vumbi tupu. Kila nyumba ina simu inayolia kutoka Pemba. Watu wetu wana huruma ya haraka: picha ya mtoto anayetambaa sakafuni ikitumwa asubuhi, jioni shangazi wote wanataka kutoa. Lakini Oman huwezi kusimama na kikapu. Kuchangisha fedha kwa umma bila kibali cha Wizara ya Maendeleo ya Jamii ni kosa mbele ya sheria, na kundi la WhatsApp nalo ni umma. Nikawaambia jamaa waache, nitatafuta ruzuku ya nje, nitaiandika mimi kwa ajili ya kikundi cha kule. Walinishukuru kabla sijafanya kitu. Shukrani ya mapema inalevya, nami nililewa.

Katika rasimu yangu ya kwanza kulikuwa na fungu la utafiti. Dogo, lakini lilikuwepo: kuwalipa vijana wa shehia wapite nyumba kwa nyumba na yale maswali sita, na kumlipa mtaalamu wa afya awaone waliotajwa. Mfadhili akaisoma rasimu, akarudisha maoni kwa adabu sana. Aliuliza: ikiwa idadi ya walengwa mnayo tayari, tena kwa uhakika huu, kwa nini tulipie kuwahesabu upya? Fedha hizo zihamishiwe kwenye vifaa.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningeweza kujibu: idadi hiyo nimeikadiria, tafadhali acheni fungu la utafiti. Sentensi moja. Badala yake nililifuta fungu, nikaongeza viti mwendo.

Kwa nini viti? Kwa sababu kiti kinahesabika, kinapigika picha, na kina bei. Kwenye bajeti kinakaa vizuri mstarini. Mtoto mwenye kifafa anayehitaji dawa ileile kila mwezi kwa miaka hakai mstarini; mradi ulikuwa wa mwaka mmoja. Mwalimu wa lugha ya alama naye ni mshahara, na wafadhili wengi hukwepa mishahara. Nikaikata ile idadi yangu ya kubuni kwa mafungu, nikaamua mwenyewe wangapi hawawezi kutembea, na fungu hilo likawa oda.

Viti vilishuka bandari ya Malindi, Unguja, vikavuka kwenda Pemba. Vilikuwa vya aina ya hospitali, vile vya kumsukumia mgonjwa kutoka kwenye gari hadi wodini, saizi moja, magurudumu ya mbele madogo. Ukivitia kwenye njia ya mchanga vinazama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo tangu 2008, na humo kukabidhi kiti si tukio la siku moja. Mtu huelekezwa kwenye huduma, hupimwa, huandikiwa kiti kinachomfaa, kiti hutafutiwa fedha na kuagizwa, huandaliwa, hujaribiwa mwilini mwake, yeye na wa nyumbani hufundishwa kukitumia, kisha hufuatiliwa na kiti kutengenezwa kikiharibika. Hatua nane. Sisi tulikuwa na moja na nusu. Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa kazi hii. Sikuwapigia simu. Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ukimkalisha kwenye kiti cha mtu mzima, bila cha kumshika kiuno wala kichwa, analala upande, mgongo unazidi kupinda, ngozi inachubuka. Kiti kinaweza kumuumiza kuliko mkeka. Baadhi ya viti vile vilipata watu vinavyowafaa, nisikane hilo. Wazee wawili watatu wanavipenda. Vingine vimefungiwa kwenye banda la kuku.

Nilikwenda mwenyewe kwenye makabidhiano. Foleni ilinionyesha nilichokifanya kuliko ripoti yoyote. Waliokuja hawakuwa wale niliowaandika. Walikuja watu wenye mtoto wa jicho, walikuja wazazi na vijana wa kifafa, alikuja mama na mvulana wake mchangamfu anayerukaruka. Nikamuuliza kama na yeye ameandikiwa kiti.

"Bibie, huyu anatembea kunishinda mimi," akasema. "Hasikii. Hicho kiti atakwenda kufanyia nini?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Sikuwa na mstari wa bajeti wa kumjibu.

Baadaye katibu wa chama cha watu wenye ulemavu wa pale, mwanamke asiyeona, alinishika mkono akaniambia bila hasira: "Dada, kwani ulishindwa kutuuliza? Sisi tungekuhesabia. Sheha analo daftari, na asiowaandika yeye tunawajua sisi." Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unataka watu hawa washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu, na vyama vyao vina msemo unaojulikana dunia nzima: lolote kuhusu sisi lisifanywe bila sisi. Msemo huo nilikuwa nimeunukuu kwenye andiko langu. Ukurasa wa pili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ninaishi mahali ambapo mambo haya yamefanywa vizuri zaidi. Jirani yangu hapa Mabela ana mtoto anayepokea riali 130 kwa mwezi, ruzuku ya watu wenye ulemavu chini ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 2023. Haipati kwa asilimia ya mtaa. Alipimwa yeye, kwa jina lake. Mwaka 1996 Oman ilianza kutia madini ya chuma na asidi ya foliki kwenye unga wa ngano, na watoto wanaozaliwa na mgongo wazi wakapungua. Tunajua walipungua kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za hospitali za kabla na baada. Na usonji je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walichapisha mwaka 2011 hesabu ya watoto 1.4 kwa kila 10,000. Ilikuwa ndogo mno ukiiweka karibu na za nchi nyingine. Hesabu ya baadaye, ya kuanzia 2011 hadi 2018, ikafika 20.35. Sioni kwamba ugonjwa mpya uliingia nchini. Watoto walianza kupelekwa kupimwa, na wa kuwapima wakapatikana.

Mfano huo naurudia sana kichwani. Ile 1.4 ilikuwa na kasoro, lakini ilikuwa kasoro yenye mahali pake: ukiifuata inakupeleka kwenye kijiji kisicho na kliniki, kwa mzazi aliyemficha mwanawe. Kama mtu angekaa Maskati akaandika tu wastani wa dunia, namba ingependeza na pengo lisingeonekana. Idadi yangu ilifanya hivyohivyo, na zaidi ya hapo ilikula fedha za idadi ya kweli.

Kuna dogo jingine, nalo si dogo. Ripoti ya mwisho ilitaka wanufaika wasio wa moja kwa moja. Wanaoandika miradi wanaijua hesabu hii: unachukua viti, unazidisha kwa ukubwa wa kaya, na shangazi, wajomba na mtoto mchanga wote wamenufaika. Nilizidisha. Nilikuwa nimeshaiona foleni kwa macho yangu, na bado nilizidisha.

Mwaka uliofuata nilimwandikia mfadhili barua, nikamweleza idadi ya mwanzo ilivyopatikana. Alijibu kwa upole kwamba mradi umeshafungwa, mahesabu ya fedha yamekaguliwa na hayana kasoro, na anathamini uwazi wangu. Fedha kweli hazikuwa na kasoro. Kila senti ina risiti. Jamaa zangu wa Mabela niliwaambia mmoja mmoja, na wengi walinitetea mbele yangu mwenyewe: angalau umepeleka kitu. Ami yangu mmoja tu, aliyefanya kazi ya afya Unguja zamani, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza ni nani atakayeamini idadi ya pili kutoka shehia zile.

Sasa katibu na wenzake wanapita nyumba kwa nyumba katika shehia moja, bila mradi, kwa yale maswali sita. Ninachofanya mimi ni kulipia nauli na kuandika majibu kwenye jedwali. Kurasa za daftari zinakuja kwa simu, nyingine zimepigwa picha kizani. Nimekatazwa kubadili chochote hata ninapoona kosa la kujumlisha. Napiga simu kwanza. Safu ya kusikia inajaa haraka kuliko safu ya kutembea.

Yule mama nimempigia pia. Mvulana amefika umri wa skuli, na alichotaka kujua ni kama lugha ya alama hufundishwa kwa mzazi vilevile, au kwa mtoto peke yake. Nimemtafutia mwalimu. Yupo, yuko tayari kwenda, na mshahara wake bado sijaupata.