Kanombe Tulikokwenda Kutishika

Miaka ile, mgeni akitua Nyamirambo, hapa Kigali, kutoka Dar au Bujumbura akataka kuonyeshwa mahali pa kutisha, hatukuumiza kichwa. Tulimpeleka Kanombe, kwenye nyumba aliyokuwa akiishi Rais Juvénal Habyarimana, jirani na uwanja wa ndege. Mwenye kupenda habari za mizimu alikuta pale kila alichokitaka: vyumba vitupu, ngazi zilizotegwa king'ora ili mtu asipande kimyakimya, kikanisa kilichofichwa ghorofani, na nje kule, bwawa la chatu. Mwongoza wageni alisimulia kwamba nyoka huyo alifugwa pale, na kwamba bwana wake alipokufa alitoweka, asionekane tena hadi leo. Kila kundi liliuliza swali lilelile: alikwenda wapi? Naye alikuwa na namna yake ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kunyamaza kule peke yake kulitosha kulipia kiingilio.

Kisha mnatoka hadi kwenye ukuta wa bustani, mnachungulia upande wa pili. Majani, na katikati ya majani mabati ya kijivu yaliyopinda. Ndiyo mabaki ya ile Falcon 50 iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ikirudi kutoka Dar es Salaam, ndani yake Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege ilimwangusha mwenye nyumba nyumbani kwake. Hapo utani wa chatu ulikatika wenyewe. Niliwahi kuona kijana wa Dar, mcheshi kweli, akishuka kutoka kwenye tofali alilopandia na kuuliza tu gari liko wapi.

Niseme pia tusikokwenda. Gisozi, wanakopumzishwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari, hatukupeleka mtu kwa safari za namna ile. Nyamata na Ntarama hali kadhalika. Huko mtu huenda kuzuru makaburi, tena akiwa ameoga na kuvaa vizuri. Wapo siku hizi wageni wanaochanganya yote katika orodha moja, asubuhi kaburi, mchana nyumba ya chatu, jioni mishikaki. Sitaki kuwasema sana, lakini mambo hayo hayakai pamoja.

Gari likipatikana tulishika njia ya mashariki: Rwamagana, Kayonza, Kibungo, mpaka Rusumo, tukavuka mto Kagera kuingia Ngara. Tulikuwa tunakitafuta kile tulichokiita mji wa mizimu, yaani Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na vilima vya Ngara vikawa mji wa maturubai. Desemba 1996 Tanzania ikawataka wakimbizi warudi kwao, mji ukaisha. Tulitegemea magofu. Tulikuta malori yamepanga foleni, chipsi zinakaangwa, na kijana anatuuliza kama tunabadilisha faranga. Tulicheka, tukala, tukarudi. Turubai haliachi gofu, na sisi wa Kigali tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko wengine.

Maana miji yetu iliyohama ilikuwa hapahapa. Kiyovu ya maskini, pembeni kabisa mwa katikati ya jiji, ilibomolewa mwaka 2008, na pale pakabaki nyasi kwa muda mrefu. Kimicanga ikafuata, leo ukitaja jina hilo, kijana atakuelekeza kwenye mzunguko wa barabara. Halafu Kangondo na Kibiraro, ambako kila mtu alikuita Bannyahe, mtaa uliotazamana na majumba ya Nyarutarama. Wakazi walikwenda mahakamani, kesi ikavutana miaka, na Septemba 2022 tingatinga likamaliza. Nilipita baadaye. Vidato vilivyochongwa kwenye udongo vilikuwa bado vinashuka kuelekea bondeni, vimekanyagwa vikang'aa, havimfikishi mtu mlangoni kwa yeyote. Sakafu moja ya saluni ilikuwa imebaki, saruji nyekundu, na nywele bandia zimenasa kwenye ufa.

Sisemi mtaa ule ungeachwa kama ulivyokuwa. Mvua zikinyesha maji yalipita ndani ya nyumba za watu, na vyoo vilikuwa aibu. Hata waliokuwa wakiishi pale walisema hivyo. Ila nyumba za matope zikibomolewa, masika mawili yanatosha kumaliza kazi.

Nyumba ya Kanombe, kwa upande wake, imetunzwa. Tangu 2018 ndiyo Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda: picha za kuchora ukutani, vinyago, watoto wa shule wamevaa sare. Chatu anatajwa kwa kupitia tu. Ni pazuri sasa, na sina haki ya kulalamika kwamba hapanitishi tena. Kinachonikera ni kingine. Rais mmoja ana nyumba, tiketi na mtu wa kusimulia nyoka wake, na maelfu ya watu wa Kangondo hawana hata kibao cha kusema waliishi hapa, walipika hapa, walizalia hapa.

Na tazama walikopelekwa: Busanza, kwenye maghorofa mapya, katika tarafa ileile ya Kanombe. Kutoka kwao hadi makumbusho ni pikipiki tu. Vyumba mle ndani si haba. Wenye makumbusho watenge kimoja kwa ajili ya Kangondo, Kimicanga na Kiyovu, na kazi ya kuwaongoza wageni humo wapewe watu wa Busanza, ambao hawatahitaji kufundishwa la kusema.