Breki za Mbele

Misafara ya kwenda Ujiji ilipita Unyamwezi huku kwa miguu ya wapagazi. Aliyetaka kusimama alisimama tu. Sasa Kaliua tuna lami, na kwenye Corolla yangu kiti cha nyuma wanakaa mama na mwanangu.

Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kwa hiyo vijisenti vyangu vilianzia huko. Uani kwangu, mimi na fundi wa mtaani tulizuia tairi za nyuma kwa mawe, tukapiga jeki, tukaegemeza gari kwenye stendi. Tulipata diski kubwa na kalipa zake za mtumba, za Toyota ya ukoo huohuo yenye injini kubwa zaidi, baada ya kuhakikisha rimu haitazigusa.

"Dada, chuma nunua mtumba," fundi aliniambia. "Pedi, mipira na mafuta, vipya."

Diski tuliipima unene. Ikishuka chini ya namba iliyochongwa juu yake, hata ya bure usichukue. Mafuta tuliweka DOT 4 badala ya DOT 3, maana huchelewa kuchemka. Kisha tukatoa upepo: mimi nakanyaga, yeye anafungua nati, anafunga, ndipo naachia.

Sisi waandishi wa habari huandika "breki zilifeli" kana kwamba ni radi. Vile vya zamani vilikuwa chini, mbele yangu: pedi nyembamba kama kucha, mpira wenye nyufa, mafuta meusi. Na gari lilikuwa bado linasimama.