Upinde Usio na Mshale

Mhariri wetu ameniomba niandike habari za chama chetu cha upinde, kwa kuwa mwaka huu namaliza masomo, nami ndimi niliyebaki katika wale watano tulioanza nacho. Najua alitaka niandike juu ya mashindano, nani alipata alama ngapi, na nani alipiga duara la manjano mara tatu mfululizo. Habari hizo zimo katika daftari la chama, na apendaye aende akazisome. Mimi nataka kusimulia jambo linalofanyika kabla mshale haujaguswa, yaani kutia upote. Upote ndio ile kamba ya upinde. Wengi hudhani kwamba upinde ni hatari kwa sababu ya mshale. Nami nilidhani hivyo hata siku ya wazazi mwaka jana.

Kwanza niseme kwamba upinde si kitu kigeni kwangu. Kwetu ni magharibi ya Mto Nile, si mbali na mpaka wa Kongo, na babu yangu anao upinde wake hata leo. Umetundikwa ukutani juu ya kitanda chake, nao upote wake umefunguliwa, umezungushwa kwenye mti wenyewe. Tulipokuwa wadogo alikuwa akiushusha mara moja moja ili kuupaka mafuta na kuujaribu. Aliweka ncha moja chini penye shina la mwembe, akakaza goti lake katikati, akaivuta ncha ya juu kwake polepole huku akisukuma kitanzi kwa vidole. Lakini kabla ya kuanza alitufukuza. Ulikuwa ni mwiko wa nyumbani: mtoto akitazama upinde unapotiwa upote, atakuwa chongo. Basi sisi tulikimbia nyuma ya jiko tukafumba macho, hata tusikie sauti ya upote ukipigwa kwa kidole. Nilipofika shule ya sekondari na kujifunza sayansi, niliuhesabu mwiko huo pamoja na mambo mengine ya wazee, nikaucheka.

Chama kilianza pale Bruda mmoja kutoka Uingereza, anayetufundisha Fizikia, alipoleta pinde mbili. Mmoja ni mrefu wa mbao tupu, unamzidi mtu kimo. Wa pili ni mfupi, na ncha zake zimejikunja kwenda mbele. Huo mfupi ndio unaowadanganya watu. Ukiukuta mezani bila upote utadhani unajua upande wa kuupinda, kwa maana tayari umejikunja, na mtu asiyejua huzidi kuukunja kuko huko. Sivyo. Hupindwa kinyume cha vile ulivyolala, na ncha zake hubaki zikitazama mbele, kule unakokwenda mshale. Mwenzetu mmoja aliufunga kinyume akataka kuuvuta. Bruda ni mtu mpole sana, lakini siku hiyo alipiga kelele ambayo mpishi aliisikia jikoni. Angeuvuta, ungevunjika mikononi mwake.

Jioni, baada ya mazoezi, Bruda alitusimulia habari za pinde za kwao. Iko meli ya vita ya mfalme Henry wa Nane, jina lake Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kutolewa baharini mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde ndefu 137 zikiwa nzima, na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu wamekadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 mpaka 185. Upinde wetu mfupi ni wa ratili 30, na wapo miongoni mwetu ambao mikono huwatetemeka. Mwenzetu ambaye mama yake ni mtu wa Kenya hakukubali Waingereza wasifiwe peke yao. Alisema Wawaata wa upande wa Tsavo walikuwa wakiwinda tembo kwa pinde kubwa na mishale ya sumu. Bruda alikubali mara moja, akasema kweli pinde za Wawaata zimelinganishwa na hizo za meli. Mimi nikauliza watu hao walizitiaje upote, kwa kuwa kuupinda upinde wa namna hiyo si mchezo. Akajibu, “Kwanza walimwambia kila mtu asogee.” Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi.

Sasa nieleze namna tulivyofundishwa, maana mtu asiyeijua hataelewa kosa langu. Kwa upinde mfupi tunatumia kamba ya kupindia. Ni kamba ndefu kuliko upinde, yenye vifuko vya ngozi kwenye miisho yake. Kwanza unautazama upinde wote kama una ufa, na upote kama umekatika uzi. Kitanzi kikubwa unakipitisha kwenye bawa la juu kikae chini ya ncha. Kile kidogo unakitia katika mkato wa chini. (Mabawa ni zile pande mbili za upinde, juu na chini ya mpini.) Kisha unavisha vile vifuko kwenye ncha, unaulaza upinde mbele yako, mgongo wake ukitazama juu na upote ukining'inia chini. Unaikanyaga kamba kwa miguu yote miwili, iliyotengana kama upana wa mabega, na unauvuta mpini kwenda juu moja kwa moja. Upinde unajipinda wenyewe. Mkono wa pili unasukuma kitanzi mpaka kiingie katika mkato wake. Uso hauinamishwi juu ya upinde hata kidogo. Halafu hapo hapo, kabla hujashusha mkono, unatazama mikato yote miwili, wa juu na wa chini, ndipo unashusha polepole. Mwisho unapima nafasi kati ya upote na mpini. Kwa upinde wetu mfupi ni inchi 8 hivi. Ikipungua, unaufungua upinde na kuusokota upote mizunguko michache ili ufupike.

Upinde mrefu hauna mikunjo, basi hutiwa upote kwa mikono. Ncha ya chini unaiegemeza upande wa ndani wa mguu wa kulia, si juu ya ardhi, mgongo wa upinde ukikuelekea. Mkono wa kulia unavuta mpini kwako, na kiganja cha kushoto kinasukuma bawa la juu huku vidole vikipandisha kitanzi. Nafasi yake hupimwa kwa ngumi iliyosimamishwa juu ya mpini na dole gumba likinyooshwa liguse upote. Kazi ikiisha hufunguliwa siku ile ile, maana mbao ikiachwa imepindwa usiku na mchana huchoka ikabaki na kombo.

Iko njia nyingine kwa upinde mfupi, ya kupitisha mguu. Ncha ya chini unaikalisha mbele ya kifundo cha mguu mmoja, mguu wa pili unaupitisha kati ya upote na upinde, na paja linakuwa kama nguzo ya kuupindia. Ni njia ya haraka, na kwa mtazamaji inapendeza. Bruda alituonyesha mara moja tu ili tujue kwa nini haitaki. Bawa husokoteka upande, na ncha ikiteleza haijulikani itakwenda wapi.

Siku ya wazazi tulikuwa na wageni wengi, na wanafunzi wa shule ya wasichana nao walikuwapo. Zamu yetu ilikuwa baada ya kwaya. Kamba ya kupindia ilikuwa imebaki ndani ya stoo, na ufunguo alikuwa nao Bruda, aliyekuwa akiwatembeza wageni. Ningeweza kumfuata, isingechukua hata dakika tano. Lakini mimi nilikuwa kiranja wa chama, mjukuu wa mwindaji, na wasichana walikuwa wamekwisha kukaa kwenye nyasi wakitungoja. Nikapitisha mguu.

Upinde ulijipinda vizuri. Kitanzi kikafika juu, nikakisikia kama kimeingia. Sikutazama mkato. Nilitazama upande wa nyasi.

Kwetu chamani alikuwako kijana wa Kidato cha Kwanza tuliyemwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Kazi yake ilikuwa kushika mishale. Alikuwa ameinama karibu nami akitaka kuona ninavyofanya, kwa maana hakuwahi kuiona njia ile. Nilipoachia mkono, kitanzi kilichokuwa kimekaa ukingoni kikachomoka, na bawa la juu likarudi kwa nguvu yake yote. Sikuliona. Nilisikia tu sauti kama ya fimbo ikipiga gogo, na Chiriku akaketi chini ameshika uso, na damu inapita kati ya vidole vyake.

Alipelekwa hospitali kwa gari la misheni. Ilikuwa amepasuka juu ya nyusi, akashonwa nyuzi sita, lakini jicho lenyewe lilivimba likafumba kabisa, na mganga alisema hawezi kujua kama linaona mpaka uvimbe upungue. Tulingoja siku tatu.

Sasa nafika penye aibu yangu. Pale uwanjani watu walipouliza, mtu mmoja alisema, “Upote umekatika.” Sijui ni nani. Nami sikumkanusha. Usiku ule bwenini waliniuliza tena, nikasema, “Naam, ulikatika, bahati mbaya.” Wakanihurumia. Mmoja alinipa hata sukari yake. Asubuhi Bruda alikuja kwenye chumba cha chama akaokota upote sakafuni. Aliunyoosha mkononi toka kitanzi hata kitanzi, taratibu, kama mtu anayesoma. Ulikuwa mzima. Hakusema neno. Aliutundika kwenye msumari ulio mkabala na mlango, mahali ambapo kila aingiaye atauona, akaenda zake darasani.

Niliuona upote ule siku ile yote, na siku ya pili. Chakula hakikupita. Jioni ya siku ya pili nikamfuata Bruda kwenye veranda ya nyumba yao, nikamwambia kwamba upote haukukatika, na kwamba kamba ya kupindia sikuitafuta kwa sababu nilitaka kuonekana. Akauliza, “Mama yake Chiriku umemwambia?” Nikasema bado. Akasema, “Basi bado hujamaliza.” Mama yake alikuwa amelala hospitalini na mwanawe, akitoka mbali. Nilikwenda kesho yake. Sitaandika aliyoniambia. Hakunitukana, na ingalikuwa nafuu kama angalinitukana.

Siku hiyo hiyo, adhuhuri, jicho lilifunguka kidogo, na Chiriku akasema anamwona Sista, akaongeza kwamba Sista amekosea kifungo kimoja cha joho lake. Hapo tukajua amepona jicho na ulimi vyote viwili.

Adhabu yangu ilikuwa hivi: muhula mzima nisipige mshale hata mmoja, bali nizitie upote pinde zote kila siku ya mazoezi, kwa njia iliyo halali, mbele ya wote, nikitaja kila hatua kwa sauti. Wadogo walifurahi mno. Nikisahau kusema “Natazama mikato,” walinirudisha mwanzo. Nilikasirika majuma mawili. Baadaye niligundua kwamba katika miaka yangu miwili ya chama sikuwa nimewahi kuutazama upinde kwa makini kabla ya kuupinda. Juma la tano niliona ufa mdogo kama unywele karibu na ncha ya upinde mrefu. Bruda aliuweka kando, na hatujautumia tangu siku hiyo.

Likizo ilipofika nilimsimulia babu. Alisikiliza akisokota tumbaku yake, kisha akauliza jambo moja tu, “Alikuwa amesimama upande gani?” Nikamwambia ameinama karibu nami, mbele ya ncha. Akaguna. Alifunua kofia yake akanionyesha alama ya zamani penye nywele, ambayo maisha yangu yote nilidhani ni ya ng'ombe. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia wazi kwamba bawa hurudi likapiga, badala ya kututisha na uchongo. Akanitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia shambani, akasema, “Wewe umeambiwa wazi. Uliogopa?” Kisha akaushusha upinde ukutani akanipa, na yeye mwenyewe akaondoka akasimama nyuma ya jiko, mzee wa miaka themanini na zaidi, akingoja nimalize.

Muhula huu Chiriku ameruhusiwa kutia upote. Kovu lake limebaki juu ya nyusi kama nukta na mkato, na husema linamfanya aonekane askari. Juma lililopita alikuwa anaandaa upinde mfupi, kamba ya kupindia iko chini ya miguu yake. Nami nikasogea nimwone kama kitanzi kimekaa sawa. Akasimama, hakuuvuta. Akanigeukia na uso mkavu kabisa.

“Kaka,” akasema, “rudi nyuma. Utakuwa chongo.”

Nilirudi hatua tatu. Akasema bado, nikaongeza mbili.