PlayStation Iliyotoka Sebuleni

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kabla ya simu za kugusa kuenea mikononi mwa kila mtu, burudani ya vijana wa kwetu Kiganjo ilikuwa na makao yake maalumu, nayo ni vibanda vya mabati vilivyokuwa si mbali na stesheni ya reli, ambamo PlayStation 2 iliwekwa mbele ya runinga nzito yenye kisogo, na kila aliyetaka kucheza mpira wa kwenye kioo akatoa ijara yake kabla ya kukabidhiwa padi. Mashine ile ilizaliwa Japani mwaka 2000, ikauzwa duniani zaidi ya milioni 150, na kwetu aghalabu ilifika ikiwa imekwisha kuzeekea katika nyumba za wengine. Ilikuwa mateka wa soketi ya ukutani: mvua za Aprili zikikatiza umeme, halaiki yote ilitoka nje na kusimama barazani kwa majonzi.

Aliyeifungua minyororo hiyo, hapa kwetu, ni fundi mmoja wa redio na simu, kijana mpole ambaye nilipenda kuketi kando ya meza yake baada ya kustaafu ualimu. Alipopata kuifungua ile PlayStation 2 nyembamba iliyotolewa mwaka 2004, aligundua jambo ambalo wengi wetu tulilipita bila kulitia maanani, kwamba umeme wa ukutani hauingii humo ndani kamwe, bali huishia katika adapta ya nje, na kinachoingia ni volti 8.5 tu. Naye alikuwa na kikapu cha betri za kompyuta zilizokufa, ambazo ndani yake mna seli za lithiamu za duara, na aghalabu baadhi yake bado ni nzima. Seli mbili zikiungwa kwa mfuatano na kujazwa sawasawa hutoa volti 8.4. Tarakimu hizo mbili zilipokaribiana kiasi hicho, kazi ya kuigeuza iwe mashine ya mkononi ilikuwa imekwisha kuanza kichwani mwake.

Yaliyofuata yalikuwa sanaa ya kupunguza, na hapo ndipo nilipomstahi kweli. Kwanza aliondoa mtambo wa diski pamoja na mota na jicho lake la leza, kwa kuwa vitu hivyo hula umeme na nafasi, akaziweka gemu katika flashi na kuziita kwa programu ya Free McBoot iliyokaa ndani ya memori kadi. Mlango wa flashi wa mashine ile ni wa kizazi cha kwanza, haupitishi zaidi ya megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo filamu fupi za utangulizi zilikwamakwama, ilhali mchezo wenyewe aghalabu ulikwenda bila taabu. Kisha akatuma Nairobi, barabara ya Luthuli, aletewe kioo cha kamera ya nyuma ya gari. Kioo hicho hudai volti 12. Fundi akaifuata njia ya umeme kwa mita, nukta baada ya nukta, hata akaona kwamba ndani yake zile 12 hupunguzwa tena, akakiruka kipunguzaji hicho na kulehemu waya wake mwembamba upande wa pili. Taa ikawaka.

“Mwalimu, usishike hapo, bado pana moto,” aliniambia nilipoinama kutazama.

Padi aliipasua vipande viwili, kila kimoja akakitia upande wake wa kasha la plastiki linalotumiwa na mafundi wa umeme, na kati ya seli na bodi akaweka kibao kidogo cha kuzilinda zisichajiwe kupita kiasi, maana lithiamu ikidharauliwa huunguza nyumba. Feni hakuthubutu kuiondoa. Hata mwezi wa Julai, ukungu wa mlimani unaposhuka na sisi kuvaa makoti mchana, upande wa nyuma wa kasha lile hutia joto viganjani.

Lakini kilichonigusa zaidi ni siku alipochomeka kibodi, akafungua programu ya uLaunchELF ambayo ndani yake mna mahali pa kuandikia, akanisogezea. Nikaandika hesabu ya maziwa ya wiki, nikaihifadhi katika flashi, na kesho yake nikaisoma kwenye kompyuta mjini Nyeri. Kumbe tarakilishi ilikuwamo tangu mwanzo. Hata Sony wenyewe, waundaji wa mashine hiyo, mwaka 2002 waliuza vifaa vya kuendeshea Linux katika toleo la kwanza lililo nene.

Sasa Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, imekuja ikiwa imetengenezwa kiwandani kwa ajili ya sebule na mkono pamoja, na simu zimevimaliza vibanda karibu vyote. Nasikitikia kelele zile za vijana wengi mbele ya kioo kimoja, wala sidhani kifaa cha mtu mmoja kitazirudisha. Fundi hana nafasi ya masikitiko. Mezani pake pana Wii, mashine nyingine ya michezo, ya mwaka 2006, na ametia mstari wa kalamu kuizunguka prosesa na memori, apate kuukata ubao wenyewe kwa msumeno, kama wafanyavyo wajuzi wa ng’ambo, kisha azirudishe kwa mkono zile volti nne tofauti ambazo mashine hiyo huzihitaji. Bado anachunguza ni nyaya zipi zitakufa nje ya mstari.