Wimbo Umeusikia Garini, Mwenyewe ni Nani?

Je, msomaji, umewahi kusafiri kutoka Kitale hadi Bungoma, ukasikia wimbo garini ukautamani? Kama bado, jiandae. Njia hii ina nyimbo kama ilivyo na mahindi.

Panda matatu Kitale asubuhi. Mkono wa kulia utauona Mlima Elgon. Utapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, ambako utaingia barabara kuu iendayo Malaba. Kabla ya kufika huko, dereva atakuwa amekwisha kukuburudisha kwa rumba ya Kongo, nyimbo za Injili, kisha litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu iliyo jamaa ya nyatiti ya Wajaluo. Muulize utingo mwimbaji ni nani. Atacheka tu: "Sijui, lakini ni tamu!"

Haya, umeteremka Bungoma. Utaupataje wimbo huo? Zamani ungenunua santuri. Katika miaka ya 1980 na 1990, ungepeleka kaseti tupu pamoja na orodha yako ya nyimbo, ukarudi jioni kuichukua. Siku hizi yako mabanda yenye kompyuta, na spika imeelekezwa barabarani. Toa simu au flashi, nawe utaulizwa: "Nikuwekee za nini?" Kwa bei ya chai na mandazi, utaondoka na nyimbo tele. Mwenye banda naye amezichukua bure kwenye intaneti, au kwa mwenzake. Na mwimbaji je? Hapati hata senti.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yakataza kunakili na kuuza rekodi bila idhini ya mwenyewe. Rekodi hulindwa kwa miaka 50.

Lakini usiwe mwepesi wa kulaumu. Fika Bungoma mwezi wa Agosti wa mwaka shufwa, kama vile 2022 au 2024, msimu wa tohara ya Wabukusu. Alfajiri utawasikia wakimleta kijana kutoka mtoni kwa wimbo wa sioyaye. Huo ni wa jamii nzima, wala hakuna aulipiaye. Mtu aliyelelewa katika nyimbo za aina hiyo huona ajabu kuambiwa wimbo una mwenyewe. Hata hivyo, mpiga litungu aliyetunga maneno yake na kulipia studio ana haki ya jasho lake.

Wapo wanaojitetea kwamba mabanda ndiyo yanayomtangaza msanii hata akaalikwa harusini. Pengine. Lakini fungua flashi yako utazame: wimbo umeandikwa "Wimbo 07". Jina la mwimbaji limepotea njiani. Atamwalikaje mtu asiyemjua?

Kwa hivyo, msomaji, anza na jina. Sikiliza Sulwe FM, inayotangaza kwa Kibukusu, umsikilize mtangazaji akimtaja msanii. Ukimkuta mpiga litungu kwenye sherehe, nunua kazi yake mkononi mwake, au umtunze hapo hapo.

Wahenga walinena, chema chajiuza. Naam, nyimbo za Bungoma zajiuza kila siku. Linalobaki ni malipo kumfikia mwenye mali.