Mahali Alipozaliwa Bibi

Katika daftari la ukoo wetu niliandika kuwa bibi alizaliwa Sumbawanga. Nilikosea. Mwenyewe alisema alizaliwa karibu na tanuri refu la udongo, Wafipa walimoyeyushia chuma, katika kijiji kilichohama. Kuhama hakukuwa ajabu Ufipa. Na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliongeza mahame. Hata Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, haukuwapo alipozaliwa. Mjukuu wake mmoja alikwenda mjini kuitafuta asili yake, akarudi mikono mitupu kwa kosa la kalamu yangu. Nimelifuta jina lile, nikaandika: Ufipa, penye tanuri, kijiji hakijulikani, kwa kauli yake mwenyewe. Shaka iliyoandikwa kwa uaminifu humwachia mtafutaji njia. Uhakika wa kubuni humfungia.